Sauti Namba Arobaini na Sita

Wakwe wa marehemu mzee Remosa walikuwa watatu. Wa kwanza aliingia Ankilisoa, kijiji cha marehemu, siku ya Jumatatu akiswaga dume jeusi lenye nundu iliyolala upande. Wa pili aliingia Jumanne na dume jekundu, pembe zake zimefungwa kitambaa kipya. Wa tatu, Voriandro, aliingia Jumatano asubuhi kwa baiskeli, gitaa mgongoni, na kwenye kapu la mbele kisanduku cha chuma kilichoviringishwa kwenye taulo.

Wanawake waliokuwa wakimenya mihogo kando ya njia walimtazama mpaka akawapita.

"Huyo ndiye ng'ombe?" mmoja akauliza.

"Ndiye. Tungoje tumsikie akilia."

Wakacheka, na Voriandro naye akacheka bila kugeuka, maana ukiendesha baiskeli kwenye mchanga wa nchi ile ukageuka nyuma, unaanguka.

Habari ya ng'ombe ilikuwa imeshapitishwa kikaoni. Mkwe haingii kwenye mazishi ya baba mkwe wake mikono mitupu. Huingia na ng'ombe, na ng'ombe huyo husemwa vizazi na vizazi: fulani alileta dume la namna hii, lilifia hapa, pembe zake zile pale juu ya kaburi. Voriandro hakuwa na ng'ombe. Alikuwa fundi baiskeli pale barabara ya Toliara inapokata kona, na baiskeli hazizai. Basi Lahivao, mtoto wa kwanza wa marehemu, alimwita mbele ya ndugu zake akamwambia:

"Shemeji, baba alikupenda wewe na gitaa lako. Sisi hatutaki kukutia aibu. Muziki wako utasimama mahali pa ng'ombe. Lakini uwe muziki wa kiasi cha ng'ombe, tumeelewana? Ng'ombe hafichiki. Na wewe usikike mpaka ng'ambo ya mto."

"Nimeelewa, shemeji."

"Ukishindwa, sitasema kitu. Ila watu watasema."

Soazara, mke wa Voriandro, alikuwa amekaa na dada zake wawili kwenye mkeka mmoja. Hakuinua uso. Dada zake walikuwa na ng'ombe; yeye alikuwa na ahadi ya kelele.

Ni kweli kwamba mzee Remosa alimpenda. Voriandro alijichongea gitaa lake la kwanza akiwa na miaka kumi na minne, kwa ubao wa mlango mbovu, nyuzi zake waya za breki za baiskeli alizozichambua uzi mmoja mmoja. Alipokuja kumposa Soazara, alikuja na gitaa hilo na jogoo wawili. Mzee aliwapokea jogoo, akamwambia apige. Mwenyewe akalala chali kwenye mkeka ndani ya nyumba, mguu mmoja umetokeza nje ya mlango. Mguu ukaanza kupiga chini taratibu, ukaendelea, ukakolea. Tangu siku hiyo Voriandro akawa anauangalia mguu ule kama dereva anavyoangalia barabara. Ukisita, alijua amekosea. Ukitulia kabisa, alijua mzee amelala au wimbo ni mbaya, na mara nyingi ilikuwa wimbo ni mbaya.

Baadaye alipata gitaa la umeme la kweli, la mkono wa tatu, lenye mwili mwekundu uliochubuka. Akawa anapiga kwenye sherehe za vijiji pamoja na Dolisy mpiga besi, mpiga ngoma mmoja na mwimbaji mmoja, wote wakichomeka nyaya zao kwenye amplifaya ya Gaston. Gaston ndiye mwenye jenereta, ndiye mwenye zile honi nne za bati za kupaazia sauti zinazofungwa juu ya miti mirefu, na kwa hiyo ndiye mwenye kauli. Voriandro hakuwa mpiga gitaa mashuhuri. Alikuwa mpiga gitaa anayefika kwa wakati, jambo ambalo katika kazi ile ni adimu zaidi.

Sasa kisanduku. Kilikuwa pedali ya gitaa, kifaa cha kukanyagwa kwa mguu kinachobadili sauti ya nyuzi. Nomena, binti wa Voriandro na Soazara anayefanya kazi hotelini Toliara, aliachiwa na mgeni mmoja mpiga muziki aliyekuwa anarudi kwao na mizigo imemzidi. Ndani yake mlikuwa na sauti themanini zilizopangwa kwa namba, na kila moja mtu angeweza kuibadili kwa kuzungusha nobu na kuihifadhi upya. Kulikuwa na mwangwi mrefu na mwangwi mfupi. Kulikuwa na sauti ya kukwaruza, ya kutetemeka, ya kulizidisha gitaa moja liwe kama manne. Kulikuwa na kitu cha kubana sauti, ili uzi uliopigwa kwa nguvu na uzi uliopigwa kwa upole zitoke na kimo kimoja. Na mwisho kabisa wa mnyororo wa vitu hivyo kulikuwa na kitu kinachoigiza boksi la spika, ili mwenye hedifoni masikioni aone kana kwamba amesimama ukumbini mbele ya spika kubwa. Hedifoni zenyewe, nyeusi, nene kama mikate miwili, zilikuja pamoja nacho.

Wiki tatu kabla ya mzee kufa, alipokuwa tayari hali chakula na kila mtu anajua, Voriandro alianza kutengeneza sauti ya kumsindikiza. Alifanya kazi hiyo mchana, jua likiwa kali na wenye baiskeli mbovu wamelala, ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa na hedifoni kichwani. Soazara aliyekuwa jikoni alisikia tu kucha zikigusa nyuzi.

"Baba Nomena, mimi huku nasikia kuku anadonoa bati."

"Njoo usikie mwenyewe."

Akamvisha hedifoni, akapiga. Macho ya Soazara yakatoka.

"Hee! Hili si gitaa. Hili ni kanisa zima na paa lake."

Aliihifadhi kama namba arobaini na sita. Mwangwi mrefu nyuma, gitaa limezidishwa, ukwaruzo kidogo wa kutia chumvi, besi imejaa, na boksi la spika la kuigiza lile kubwa kuliko yote. Kila siku aliongeza kidogo. Alikuwa mtu mwangalifu. Alizipaka nobu nukta za rangi ya kucha ya mkewe ili hata mkono wa mtu ukigusa kwa bahati mbaya, ajue pa kurudisha.

Jumatano hiyo, basi, alitandaza taulo chini ya kivuli cha turubai, akaweka pedali juu yake. Akatia betri nne ndogo, maana alishajua kwamba ukiichomeka kwenye jenereta ya Gaston inanguruma kama tumbo la mtu mwenye njaa. Akachomeka waya kwenye tundu la maikrofoni la amplifaya. Kando yake kulikuwa na boksi kuukuu la Gaston lenye spika kubwa, la kuwasaidia wapigaji wajisikie. Honi mbili juu ya miti zilitazama kijiji, mbili zilitazama mto. Akakanyaga namba arobaini na sita, akapiga.

Kutoka kwenye boksi lile, kanisa likatoka na paa lake. Dolisy akaachia besi yake kwa mshangao.

"Kaka, umeiba wapi hii?"

"Kwa kuku anayedonoa bati," Voriandro akasema.

Kazi ya asubuhi ile ilikuwa moja tu. Wajomba wa marehemu, watu wa Andranolava ng'ambo ya mto, walikuwa wafike. Jeneza halitoki mpaka wajomba wameingia. Na wajomba hawaingii kama watu wanaokwenda sokoni. Kila ukoo una wimbo wake wa kuitiwa, gitaa huupiga, wao huusikia, ndipo huinuka na ng'ombe wao na kuja wakicheza. Kuja bila kuitwa ni kujipendekeza. Mto wenyewe wakati ule wa mwaka ni mchanga mtupu, upana wake mtu atembee akimaliza sigara mbili, na ukisimama Ankilisoa unaiona ng'ambo vizuri. Tangu saa mbili watu wa Andranolava walionekana wameketi kwenye kivuli ukingoni, wadogo kama siafu, na ng'ombe mmoja mweupe kati yao.

Voriandro akaupiga wimbo wao mara ya kwanza. Siafu hawakuinuka.

Aliyevuka mto peke yake alikuwa Zefine. Zefine alikuwa mtani. Ukoo wake na ukoo wa Voriandro ni watani tangu mababu ambao hakuna anayewakumbuka majina, na mtani haitwi na mtu. Huja akitaka, hula akitaka, hutukana akitaka, na msibani ndiko hasa kwenye kazi yake. Alikuwa mama mnene wa miaka hamsini hivi, uso umepakwa unga wa njano wa kukinga jua, shuka nyekundu begani. Alifika, akashika kiuno, akawatazama wapigaji mmoja mmoja.

"Nani amekufa hapa, mzee Remosa au hili gitaa?"

Watu wakaangua kicheko, na hata wajane wakajifuta machozi wakitabasamu.

"Karibu, mtani," Voriandro akasema. "Nilisikia harufu nikadhani ni kwato za ng'ombe zinachomwa."

"Kwato za ng'ombe gani, wewe uliyekuja na ng'ombe wa betri? Nimetoka ng'ambo sasa hivi. Kule unasikika kama nzi aliyefungiwa kwenye chupa."

"Fungueni chupa mumle. Si ndiye kitoweo chenu?"

Kicheko kikawa kikubwa zaidi. Jibu lilikuwa zuri, Voriandro mwenyewe alilifurahia, akaupiga wimbo wa wajomba mara ya pili. Siafu hawakuinuka.

Zefine akala wali na nyama sahani nzima, akavuka kwenda kuwauliza watu wa ng'ambo, akaja tena anahema.

"Nzi amekufa. Sasa ni chupa peke yake."

"Masikio yenu mmeyakodisha kwa nani, nyinyi watu wa kule?"

"Kwa ukoo wako, ndiyo maana yamejaa nta!"

Gaston alicheka mpaka akajikwaa kwenye waya. Voriandro akapiga mara ya tatu, macho ameyafumba, amezama kwenye ile sauti ya kanisa inayotoka pembeni yake. Wimbo ule alikuwa hajawahi kuupiga vizuri namna ile. Alipofumbua macho, Lahivao alikuwa amesimama mbele yake na fimbo yake.

"Shemeji. Wanangoja nini wale?"

"Sijui, shemeji. Nimewaita mara tatu."

"Labda tumewakosea." Lahivao akatazama ng'ambo, kisha akatazama kivuli cha mti wa honi, kilichokuwa kimeanza kuwa kifupi. "Wajomba hawakai mpaka jua lipinduke. Wakimgeuza ng'ombe wao wakarudi, baba atalala humu ndani bila wajomba zake. Na mimi nitaulizwa gitaa lilikuwa wapi. Nitajibu nini?"

Akasogea pembeni. Voriandro akawatazama wale madada watatu kwenye mkeka. Soazara alikuwa anajikunjia na kujikunjua pindo la nguo, kama anayetafuta kitu kilichodondoka humo.

Hapo ndipo Zefine alipomsogelea mara ya tatu. Safari hii alipiga magoti kidogo, akashusha shuka begani, akasema kwa sauti ya chini:

"Baba Nomena, samahani. Naomba nikuambie neno."

Voriandro akalishusha gitaa. Katika miaka yote ya kufahamiana kwao, Zefine hajawahi kumwita hivyo. Alimwita kinyesi cha mbuzi, alimwita mjane wa mke aliye hai, siku ya harusi yake alimwita jogoo wa tatu. Mtani akikutukana, mambo ni salama. Mtani akikuomba samahani, angalia kama nyumba yako inawaka.

"Sema, dada."

"Sikuwa natania. Yaani nilikuwa natania, lakini pia ni kweli. Kule hatukusikii. Besi ya Dolisy tunaisikia inavyogongagonga, ngoma tunaisikia. Lako ni uvumi tu, vuuu, kama upepo kwenye bati. Wajomba wanaulizana kama leo mpiga gitaa hakuja. Hawajaukataa wimbo wao. Hawajausikia."

Voriandro akaketi juu ya amplifaya ya Gaston. Asubuhi nzima mtu mmoja tu ndiye aliyetoka ng'ambo na kumwambia ukweli, na yeye alimjibu vizuri mno.

"Kwa nini hukusema hivi toka mwanzo?"

"Ningesemaje? Mimi ni mtani wako. Kukuambia jambo kwa adabu mbele za watu ningekuwa nimekutukana."

Hilo nalo lilikuwa kweli.

Lahivao, aliyekuwa amesikia nusu yake, akasema, "Toa hilo dude. Piga kama zamani, waya moja kwa moja."

"Nitajaribu. Lakini nani atasikia? Mimi hapa nasikia boksi. Siwezi kupiga huku nikasimama kule."

"Mimi nitakwenda," Zefine akasema. Akaivua shuka nyekundu akaipunga. "Nikiona unafaa, naiinua juu. Ukiharibika, naishusha. Nikiizungusha, acha hapo hapo usiguse kitu."

Akaondoka mbio, kwa kadiri mwili ule ulivyoweza kuitwa mbio, akateremka mchangani, akapanda ng'ambo. Doa jekundu likasimama kando ya siafu.

Voriandro akachomoa pedali, akachomeka gitaa moja kwa moja kwenye amplifaya. Akapiga. Shuka ikapanda kidogo, hadi kiunoni, kisha ikashuka, ikapanda, ikashuka. Akaelewa: nyuzi nene zinafika, nyembamba zinafia njiani, noti moja inavuka mto, mbili zinazama. Ndivyo lilivyokuwa gitaa lake miaka yote, ila miaka yote hakuwa ameahidi ng'ombe.

Akairudisha pedali. Akaanza kuondoa vitu kimoja kimoja, kama mtu anayeshusha mizigo kwenye baiskeli ili ajue ni upi unaokwaruza gurudumu.

Kwanza akazima mwangwi mrefu. Akapiga. Shuka ikapanda hadi magotini. Akanyamaza akasikiliza, na hapo akausikia mwangwi mwingine, usio wake: genge lililosimama kama ukuta wa mawe ya chokaa nyuma ya kijiji lilikuwa linairudisha kila noti, safi, nusu pumzi baadaye. Siku zote lilikuwa pale. Yeye alikuwa ameleta mwangwi mahali penye mwangwi, na ile miwili ikawa inakanyagana.

Akazima kile cha kuzidisha gitaa. Shuka hadi kiunoni.

Akazima ukwaruzo. Shuka haikusogea. Akauacha umezimwa.

Kisha akafika mwisho wa mnyororo, kwenye lile boksi la spika la kuigiza, alilolichagua kwa siku nne nzima. Aliligusa kwa huzuni. Boksi la kuigiza ni la masikio yaliyofunikwa. Lilikuwa limezijaza nyuzi zake besi ambayo honi ya bati haiwezi kuitoa hata ikipigwa, na limeukata ule ukali wa juu ambao ndio peke yake honi inaujua. Akalizima. Akapiga.

Kwenye boksi la Gaston sauti ikatoka mbaya kupita kiasi, kavu, nyembamba, kama mtu anayekwangua ukoko kwenye sufuria. Watoto waliokuwa karibu wakaziba masikio.

"Umeliua kabisa!" Dolisy akasema.

Shuka ya Zefine ikapanda hadi kifuani.

"Mtani wako anakucheza, kaka," Dolisy akasema. "Sauti hii hata mbuzi hawezi kuiinulia nguo. Anakutia aibu, kesho ahadithie. Ndiyo kazi yao!"

Voriandro akalitazama doa jekundu. Dolisy hakuwa amekosea. Ndiyo kazi yao. Kuna mtani mwaka juzi alimwonyesha bwana mmoja njia ya kwenda posa, bwana akatokea kwa wakwe wengine. Na masikio yake mwenyewe yalimwambia kwamba anachokisikia ni takataka. Lakini alikumbuka lile "Baba Nomena, samahani," na magoti yaliyokunjwa. Mwanamke kama Zefine hatupi adabu yake ovyo. Huenda ilikuwa ndiyo pekee aliyokuwa nayo kwa mwaka mzima.

"Zima hilo boksi la pembeni, Gaston," akasema.

"Utajisikiaje?"

"Nitaitazama shuka."

Gaston akalizima. Sasa Voriandro akawa anapiga kama kiziwi, sauti yake iko juu ya miti na imempa mgongo. Akapunguza besi karibu yote. Akapandisha sauti za kati, nobu ikapita nukta ya rangi ya kucha, ikaendelea. Shuka mabegani. Akawasha kile cha kubana sauti, ili nyuzi nyembamba zivuke bega kwa bega na nene. Shuka kichwani.

Ila ilikuwa inatetemeka, kama anayesema bado kidogo. Voriandro akafikiri. Pedali ilikuwa inaisukuma sauti kwa nguvu zote kwenye tundu la maikrofoni, na tundu la maikrofoni limezoea mdomo wa mtu. Lilikuwa linapaliwa.

"Gaston, mimi nashuka, wewe panda."

Akaipunguza pedali hadi nusu. Gaston, ambaye hajawahi kuombwa apandishe kitu na asikubali, akapandisha. Voriandro akapiga noti tatu za kwanza za wimbo wa wajomba.

Shuka nyekundu ikainuka juu ya kichwa cha Zefine, mikono imenyooka, halafu ikaanza kuzunguka, kuzunguka, kuzunguka.

"Usiguse kitu!" Soazara akapiga kelele kutoka kwenye mkeka. Mpaka hapo hakuna aliyejua kwamba na yeye alikuwa anaitazama.

Hakugusa. Aliupiga wimbo wote, wa wajomba wa mzee Remosa, kwa mwendo uliopunguzwa kidogo sana, ili kila noti ingoje ile inayorudi kutoka gengeni na zishikane mikono. Mstari wa pili ulipoanza, siafu wakasimama. Filimbi ikasikika. Ng'ombe mweupe akasogea mbele, kisha kundi zima likateremka mchangani likitimua vumbi, wanaume mbele na mikuki na miavuli, wanawake nyuma wakipiga makofi, na kadiri walivyokaribia ndivyo walivyozidi kucheza. Walipanda ukingo wa huku nguo zao zimelowa jasho. Mjomba mkubwa, mzee aliyeshikwa mikono pande zote mbili, alifika mbele ya Lahivao akasema:

"Tulidhani mmetusahau. Kumbe mlikuwa mnatutafutia sauti."

Kivuli cha mti wa honi kilikuwa kimekuwa kifupi kama kiatu.

Wimbo ulipokwisha, Lahivao akasimama katikati ya uwanja. Wakati wote wa kucheza alikuwa hajacheza, maana mtoto wa kwanza hachezi. Lakini Voriandro, aliyezoea kutazama chini anapopiga, alikuwa ameuona mguu wake wa kulia.

"Ndugu zangu," Lahivao akasema, "baba ana wakwe watatu. Wa kwanza ameleta dume jeusi. Wa pili ameleta dume jekundu. Wa tatu..." Akatafuta neno, akamtazama yule ng'ombe mweupe wa wajomba. "Wa tatu amewaleta wajomba. Atakayeuliza kesho mume wa Soazara aliingia na nini, aambiwe aliingia na ng'ombe, na kwamba alisikika."

Dada mkubwa wa Soazara akamsukuma mdogo wake kwa kiwiko. Soazara akamsukuma naye, kwa nguvu zaidi.

Zefine alifika wa mwisho, anachechemea, mchanga umemjaa viatuni. Akampita Lahivao, akawapita wajomba, akaja mpaka kwenye taulo la Voriandro.

"Asante, dada," Voriandro akamwambia. "Kweli kabisa, asante."

"Dada yako nani? Kinyesi cha mbuzi wewe! Nimekimbia mto mzima kwa ajili ya gitaa linalolia kama mlango wa choo, halafu unaniita dada?"

Voriandro akashusha pumzi. Mambo yalikuwa salama.

"Na fungu langu liko wapi?" Zefine akaendelea, akiwageukia watu. "Si mmesema hili dude ni ng'ombe? Ng'ombe akichinjwa mtani huchukua fungu lake, tena halichaguliwi na mtu. Mimi nitakata wapi hapa?"

"Kata mkia!" mtu akapaza sauti.

Zefine akainama, akapekua kwenye taulo, akaibuka na zile hedifoni nyeusi nene. Akazivaa juu ya kilemba. Waya wake mrefu, usiochomekwa popote, ukaning'inia nyuma yake hadi kwenye visigino.

"Mtani, hizo..." Voriandro akaanza. Wiki tatu hedifoni zile zilikuwa zimemsifu usoni. Asubuhi ile alikuwa amepiga bila hizo, na hakupungukiwa na kitu. "Chukua. Zinakufaa. Zimeziba pale hasa panapohitaji kuzibwa."

"Sikusikii!" Zefine akapiga kelele, akaanza kucheza.

Voriandro akakanyaga pedali na kuihifadhi ile sauti mbaya pale pale ilipokuwa zamani sauti ya kanisa, kwenye namba arobaini na sita. Kisha akawapigia wajomba wimbo wao tena. Dolisy akaingia, ngoma ikaingia, na Zefine akauzunguka uwanja kwa madaha mbele ya ng'ombe mweupe, mkia wake wa waya ukifagia mchanga.